Ndoo ya Kwanza

Sufuria ya kwanza ya bia karibu kila mara humfurikia mpishi wake. Anakuwa amesimama pale muda mrefu akingoja ichemke, anageuka mara moja tu kuchukua mwiko, na akirudi povu la rangi ya kahawia limeshavuka ukingo, linateremka ubavuni na kuungulia juu ya jiko. Sukari ya kimea ikishaungua haitoki kwa kufutwa na kitambaa. Inataka kukwanguliwa, na harufu yake haiondoki jikoni siku hiyo.

Hasara hiyo inaudhi, lakini bia yenyewe haijaguswa. Kwa kawaida bia za kwanza haziharibiki katika purukushani za moto. Huharibika baadaye, kimyakimya, mpishi akiwa amelala: katika ndoo isiyosafishwa ipasavyo, katika chumba chenye joto kupita kiasi, au katika chupa iliyofungwa siku nne kabla ya wakati wake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumshauri anayeanza atumie kimea kilichokwisha kukamuliwa kiwandani. Kinampunguzia kazi ya siku ya kwanza ili nguvu na macho yake vibaki kwa majuma mawili yanayofuata, ambako bia hupona au hufa.

Anayeijua mbege anakijua kimea. Uchaggani ulezi huloweshwa, ukaachwa uote, ukaanikwa na kusagwa, kisha ukapikwa uji wa kuchanganywa na ndizi zilizochachuka. Na ili utamu usizidi, hutiwa gome la msesewe, ambalo ni chungu. Bia ya Ulaya inapita njia iyo hiyo kwa vitu vingine. Mahali pa ulezi pana shayiri. Mahali pa msesewe pana hopsi, maua makavu ya mmea unaopanda kwenye nguzo na kamba. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya, na kimea kikishasagwa na kulowekwa katika maji ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi, vimeng'enya hivyo hugeuza wanga kuwa sukari. Anayepika kwa nafaka tupu hukaa saa nzima akilinda kipimajoto, halafu achuje, halafu asuuze makapi, huku akihitaji vyombo vikubwa ambavyo mtu wa kawaida hana.

Kiwanda cha kimea hufanya yote hayo kwa niaba yake. Maji matamu yakishapatikana hupunguzwa katika mitambo ya ombwe, ambamo yanachemka kwa joto dogo bila kuungua, mpaka yabaki mazito kama asali, yakiwa na maji kama asilimia 20 tu. Hiyo ni sharubati ya kimea. Ikikaushwa zaidi huwa unga mweupe unaoelekea njano. Vyote viwili hutoa bia nzuri, ila sharubati ikikaa sana dukani huwa nyeusi na kupata ladha ya uchakavu, kwa hiyo tarehe ya kwenye mkebe isomwe kabla ya bei. Unga huvumilia zaidi. Unapotiwa, utoke kwenye bakuli kavu na kwa haraka, kwa sababu mvuke wa sufuria ukiufikia ungali mfukoni hushikamana na kuwa donge gumu.

Kimea cha mkebe kina historia ya kusisimua. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, viwanda vya bia vilitafuta namna ya kuishi, na baadhi, Pabst na Anheuser-Busch vikiwemo, viliuza sharubati ya kimea kama kiungo cha jikoni. Kila aliyenunua alijua kinachoweza kufanywa nayo. Marufuku ilipoondolewa, sheria iliruhusu divai ya nyumbani lakini bia ikaachwa nje, ikabaki hivyo kwa miaka 45, hadi Rais Jimmy Carter aliposaini sheria mpya Oktoba 1978. Tangu hapo mtu mzima anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 378 hivi, na kaya yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Majimbo nayo yalikuwa na sheria zao: Mississippi na Alabama zilikubali mwaka 2013 tu. Uingereza ilikuwa imetangulia. Leseni iliyodaiwa tangu 1880 kwa apikaye bia nyumbani iliondolewa katika bajeti ya 1963, Reginald Maudling akiwa waziri wa fedha.

Matunda ya upishi huo wa nyumbani yanaonekana. Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani huko Chico, California, mwaka 1976. Miaka minne baadaye akaanzisha na mwenzake kiwanda cha Sierra Nevada, ambacho bia yake yenye hopsi za Cascade ilibadilisha unywaji wa Marekani. Charlie Papazian, mwalimu wa shule aliyekuwa akifundisha watu kupika bia huko Boulder, Colorado, alichapisha mwaka 1984 kitabu ambacho mpaka leo kinashikwa na wanaoanza.

Kwa Mswahili anayeishi Leicester au Minneapolis, basi, njia iko wazi, mradi amefikia umri wa kisheria na hauzi hata chupa moja. Kuuza kunataka leseni. Afrika Mashariki sheria za leseni hutofautiana nchi na nchi, na inafaa kuulizia kabla ya kununua chochote. Katika nchi za Ghuba jambo hili lisijaribiwe kabisa.

Kuna hofu moja inayostahili jibu la wazi, kwa kuwa watu wa kwetu wana sababu ya kuwa nayo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Je, ndoo ya bia sebuleni inaweza kuleta msiba kama huo? Hapana. Kimea cha shayiri kikichachuka hakitoi methanoli ya kudhuru. Hatari iko kwenye kemikali za viwandani zinazochanganywa na pombe, na kwenye kukeneka pombe kali bila ujuzi. Kukeneka nyumbani bila leseni ni kosa Uingereza na Marekani pia, na makala haya hayahusu kitu hicho hata kidogo. Bia ikiharibika, itakuwa chungu au chachu kama siki, nayo itamwagwa kwenye sinki.

Sasa, apike nini? Aanze na eli, si laga. Hamira ya laga hutaka baridi ya nyuzi 10 hadi 12 kwa majuma kadhaa, yaani friji ya peke yake. Hamira ya eli huridhika na nyuzi 18 hadi 21, joto la nyumba nyingi za Ulaya kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa lita 20 za eli ya Kiingereza, ya rangi ya shaba na kilevi cha wastani, zinatosha kilo 2.5 za unga wa kimea usiotiwa hopsi, au kilo 3 za sharubati. Gramu 60 za hopsi za East Kent Goldings. Na pakiti moja ya hamira kavu ya eli, gramu 11. Hamira ya mkate iachwe kwenye mkate. Inachachua, ndiyo, lakini ilichaguliwa kwa kuumua unga, na bia yake haitulii wala haina ladha ya kuaminika.

Mikebe yenye hopsi tayari nayo ipo, na maelezo yake mara nyingi humwambia mnunuzi aongeze kilo moja ya sukari ya mezani. Asiongeze. Sukari hiyo huchachuka yote, ikaacha bia nyepesi kama maji yenye kileo. Kilo ile ile ya unga wa kimea, ingawa ni ghali zaidi, hubadilisha kabisa kinachomiminwa kwenye glasi.

Vyombo si vingi: sufuria ya lita 15, ndoo mbili za plastiki za kuwekea chakula zenye lita 25, moja ikiwa na bomba chini, mpira wa kunyonyea, kipimajoto, haidromita ya kupimia sukari iliyomo, na kipumulio, yaani kile kibomba chenye maji kinachoruhusu gesi itoke bila hewa ya nje kuingia. Ndoo iliyowahi kuwekewa achari au siki isitumike. Mikwaruzo ya ndani huficha vijidudu, kwa hiyo isafishwe kwa sponji laini, kamwe si kwa waya.

Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili, na wengi hufanya moja wakadhani wamefanya zote. Kwanza uchafu unaoonekana uondoke kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato. Kisha dawa ya kuulia vijidudu, ile ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake na kuachwa iguse kila upande kwa muda uliotajwa. Njia rahisi ni kuitia kwenye chupa ya kupulizia na kuiweka karibu siku nzima. Mwiko ulioanguka sakafuni, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, pakiti yenyewe, mkono wa mpishi: vyote vipuliziwe. Wakati bia inachemka hakuna haja ya wasiwasi huo, moto unafanya kazi. Sheria huanza pale sufuria inapoepuliwa na kuanza kupoa.

Siku ya kupika huchukua kama saa tatu. Majiko mengi ya nyumbani hayawezi kuchemsha lita 20 vizuri, kwa hiyo zichemshwe lita 10, na lita nyingine 10 za maji yaliyokwisha kuchemshwa ziwe zimelala kwenye friji tangu jana katika vyombo vilivyofungwa. Kuhusu maji, anayetumia kimea kilichokamuliwa hana haja ya kuhangaikia ugumu wake, maana madini ya kutosha yamo ndani ya kimea. Klorini ndiyo adui. Ikikutana na hamira huacha ladha ya dawa ya hospitali. Kuchemsha huiondoa, na pale mji unapotumia kloramini, ambayo haitoki kirahisi kwa kuchemka, robo ya kidonge cha Campden humaliza tatizo kwa lita 20.

Maji yakichemka, moto uzimwe. Hatua hii ya kuzima hurukwa na wenye haraka, na adhabu yake ni kimea kinachozama chini, kugandia kwenye chuma na kuungua, kikaipa bia nzima ladha ya masizi. Moto ukiwa umezimwa, nusu ya kimea imiminwe huku mwiko ukizunguka. Sharubati hushuka polepole, utepe mweusi unaong'aa, hujikunja juu ya maji kabla ya kuzama, na sehemu yake hukataa kutoka kwenye mkebe. Maji ya moto kidogo yakizungushwa ndani yake yataitoa. Chini ya sufuria paguswe kwa mwiko mpaka pasisikike utelezi. Ndipo moto uwashwe tena.

Hapo ndipo povu linapopanda, na mpishi asiondoke. Protini zinagandana juu, uso unakuwa na mikunjo kama maziwa yanayotaka kumwagika, kisha unainuka ghafla. Moto upunguzwe na maji baridi kidogo yapuliziwe juu, litashuka. Baada ya dakika chache linajivunja lenyewe na sufuria inatokota kwa utulivu hadi mwisho. Gramu 40 za hopsi, katika mfuko wa shashi, ziingie wakati huo na kuchemka dakika 60, kwa kuwa uchungu wake hauyeyuki ila kwa kuchemka muda mrefu. Nusu ya kimea iliyobaki iingie dakika 15 kabla ya mwisho, tena moto ukiwa umezimwa: hivyo bia haigeuki nyeusi, na hopsi hutoa uchungu wake vizuri zaidi katika maji yasiyo mazito. Gramu 20 za mwisho ni za harufu, dakika 5 tu.

Sufuria iwekwe ndani ya sinki au beseni lenye barafu, ikiwa imefunikwa, mpaka ifikie nyuzi 30 hivi. Kisha imiminwe kwenye ndoo kutoka juu, kwa fujo, pamoja na yale maji ya friji. Hii ndiyo mara pekee bia inapotakiwa kuchanganyika na hewa, kwa sababu hamira huhitaji oksijeni kuzaliana. Mchanganyiko ukiwa chini ya nyuzi 22, haidromita iwekwe. Maji matupu husoma 1.000, haya yasome karibu 1.045. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Hamira inyunyizwe, mfuniko ufungwe, kipumulio kipachikwe.

Kuanzia hapa mpishi si mpishi tena, ni mlinzi.

Ndani ya saa 12 hadi 24 ndoo huanza kupumua. Siku ya pili, mwenye ndoo inayoonyesha ndani ataona povu zito lenye madoa ya kahawia, kama kichwa cha koliflawa, na akiweka mkono ubavuni atahisi uvuguvugu. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, na bia inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 au zaidi. Chumba cha nyuzi 24, basi, ni ndoo ya nyuzi 27, na katika joto hilo hamira ya kawaida ya eli hutoa pombe zenye ukali unaochoma koo na kuumiza kichwa. Siku tatu za kwanza ndizo za hatari zaidi. Dawa yake inajulikana na kila aliyewahi kunywa maji ya mtungi: ndoo ikae kwenye beseni la maji, ivishwe taulo lililolowa ambalo pindo lake linagusa maji hayo, na feni ipulize. Maji yakipaa, ndoo inapoa nyuzi kadhaa.

Anayeishi kwenye joto la kudumu ana chaguo jingine la kuvutia. Magharibi mwa Norwe wakulima walihifadhi kwa vizazi hamira iitwayo kveik, waliyoikausha juu ya vipande vya mbao na vitambaa, na ambayo huchachua vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Sasa inauzwa kwa pakiti. Pale ambapo nyumba haishuki chini ya nyuzi 28 usiku kucha, hiyo inafaa kuliko kupigana na feni.

Kipumulio kikinyamaza siku ya tano au ya sita, mkono huwasha kutaka kufunga chupa. Hapa ndipo makala haya yanapomsihi msomaji kwa dhati asubiri. Kunyamaza kwa kipumulio si ushahidi. Huenda mfuniko unavuja tu. Ushahidi ni haidromita, na isomwe mara mbili, siku tatu zikipita katikati. Namba zikiwa sawa, tuseme 1.012, uchachukaji umekwisha. Ukokotoaji ni mwepesi: tofauti ya namba hizo mbili, 0.033, ikizidishwa kwa 131, hutoa kilevi cha asilimia 4.3. Hata hapo siku chache zaidi zina faida. Hamira iliyomaliza sukari hugeukia mabaki yake yenyewe, ikafyonza ile harufu ya tofaa bichi na ile ya siagi zinazoisumbua bia changa. Majuma mawili kamili kwenye ndoo ni kipimo kizuri.

Chupa iliyofungwa mapema ni kitu cha kuogopwa. Sukari iliyobaki huendelea kuchachuka ndani yake, gesi hukosa pa kwenda, na kioo hupasuka kwa nguvu inayoweza kumtoa mtu jicho. Kwa sababu hiyo chupa za plastiki za soda au za bia, zenye kifuniko cha kuzungusha, ni bora kwa mara ya kwanza. Anayetaka kioo achague chupa nene za bia za rangi ya kahawia, maana mwanga ukipita kwenye chupa nyeupe huharibu kemikali za hopsi na kuacha harufu mbaya, na achanganye angalau chupa moja ya plastiki katika kundi. Hiyo moja ni kipimo cha zote. Ikibinywa na kuonekana ngumu kama jiwe, nyingine zimepata gesi, na ziende kwenye baridi.

Gesi hutokana na sukari kidogo inayotiwa makusudi, gramu 6 kwa lita. Gramu 120 za sukari ya kawaida zichemshwe katika kikombe cha maji, zimwagwe kwenye ndoo ya pili iliyosafishwa, kisha bia inyonywe kwa mpira kuja juu yake, mdomo wa mpira ukiwa umezama ili isitoe povu. Hewa iliyohitajika siku ya kwanza sasa ni sumu. Huleta ladha ya karatasi iliyolowa. Tope la chini libaki lilipo. Kutia sukari kwa kijiko katika kila chupa huonekana rahisi, lakini vijiko havilingani, na chupa mbili za ndoo moja zinaweza kutofautiana vibaya. Kila chupa iachiwe nafasi ya sentimita tatu juu.

Zikae majuma mawili kwenye joto la chumba, gizani, ndani ya boksi lenye kifuniko. Ya kwanza ifunguliwe baada ya siku moja ya friji, imiminwe taratibu kwenye glasi iliyoinamishwa, na kidole kimoja cha mwisho kiachwe chupani pamoja na mashapo ya hamira. Hayadhuru, ila hufanya bia iwe na ukungu na ladha ya unga. Mpishi aandike anachoonja kwenye lile daftari la siku ya kwanza, chini ya 1.045. Halafu, kama anaweza, afiche chupa sita nyuma ya kabati mpaka juma la sita. Uchungu utakuwa umelainika na kimea kimejitokeza, na mara nyingi hizo sita ndizo bora katika ndoo nzima.